Gibbon na Sababu Tano za Kuenea kwa Ukristo katika Dola ya Rumi

Katika vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya dola ya Rumi, ni vichache vilivyopendwa na kuchukiwa kwa pamoja kama kile cha Edward Gibbon, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1737 akafa mwaka 1794. Kitabu hicho, chenye habari za kupungua na kuanguka kwa dola ile, kina majuzuu sita. La kwanza lilitoka mwaka 1776 na ya mwisho mwaka 1788. Wengi wamtajao Gibbon hawakumsoma. Wamesikia tu ya kwamba alisema Ukristo ndio ulioiangusha Rumi, nao hulirudia neno hilo, huyu kwa furaha na yule kwa hasira. Sisi twataka kuzitazama hasa sura mbili, ya 15 na ya 16, ambazo ndizo zilifungazo juzuu la kwanza. Maana humo mwandishi anauliza swali ambalo halijachakaa hata leo: imekuwaje watu wachache, wasio na jeshi wala mali, waenee katika dola kubwa kupita zote za pande zile, hata Kaisari mwenyewe akawa mmoja wao?

Kwanza hatuna budi kusema neno juu ya usemi wake, kwa kuwa asiyeujua usemi wa Gibbon atamwelewa kinyume. Yeye ni bingwa wa kijembe. Husifu kwa kinywa, na huku jicho lake lacheka. Mwanzo wa sura ya 15 akiri kwamba sababu ya kwanza ya ushindi wa Ukristo ni ukweli wa mafundisho yenyewe na uongozi wa Mungu. Kisha aomba ruhusa ya kuchunguza sababu za pili, zile za kibinadamu. Heshima hiyo ni ya mgeni amwamkiaye mwenye nyumba mlangoni, kisha asimtazame tena hata aondokapo. Na mwisho wa sura iyo hiyo awalaumu wenye hekima wa Kirumi, Seneca na Plinius mkubwa, kwa kuwa hawakuandika hata neno moja juu ya giza lililotanda siku ya kusulubiwa kwa Yesu. Msomaji mpole hudhani analaumu uzembe wa Warumi. Msomaji mwerevu aona kwamba swali lenyewe ni jingine: je, giza hilo lilikuwako? Watu wa pwani, waliozoea mafumbo ya kujibizana kwa mashairi, wataitambua silaha hii mara moja, nao watajua ya kuwa mtu hapigwi fumbo asilopata kujijibu kwa urahisi. Wachungaji wa Uingereza walijijibu kwa wingi. Alipojitetea mwaka 1779, alionyesha kuwa maandiko aliyoyataja ameyasoma kweli, na wengi wa adui zake hawakuyasoma vile.

Basi zile sababu tano ni hizi: bidii ya Wakristo isiyokubali kuchanganya miungu, tumaini la uzima baada ya kufa, miujiza iliyosemwa kuwa imetendeka kanisani, mwenendo safi na mkali, na umoja wa utaratibu wao, uliofanya kanisa liwe kama dola ndogo ndani ya dola. Hatuwezi kusema kwamba hata moja ni ya uongo. Ila twaona kwamba zote ni sababu za watu waliokwisha ingia. Zaeleza kwa nini Mkristo alidumu. Hazielezi sana kwa nini jirani yake, ambaye jana alichoma ubani mbele ya sanamu, leo abishe hodi.

Ushahidi wa jambo hilo Gibbon alikuwa nao mkononi. Katika karne ya tatu Kornelio, askofu wa Roma, aliandika barua ambayo Eusebius ameihifadhi, akihesabu watu wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na wengine wa daraja za chini, tena wajane na wenye shida zaidi ya 1,500, ambao wote walilishwa na kanisa. Gibbon aichukua hesabu hiyo afanye nini? Apimia watu! Kwa idadi ya makasisi na maskini akisia kwamba Wakristo wa Roma walipata 50,000, nao watu wote wa mji hawakupungua milioni moja. Basi Wakristo walikuwa sehemu moja katika ishirini. Ni hesabu ya akili sana. Lakini wale wajane wamegeuka mawe ya mizani. Hakujiuliza mji ule ulionaje habari ya kundi la watu lililowapa chakula wajane na wenye shida elfu moja na mia tano, ilhali hekalu lisilo na desturi hiyo lilikuwa jirani.

Kaisari Juliano, aliyetawala tangu 361 hata 363 na kuuacha Ukristo ili arudishe miungu ya zamani, aliliona jambo hili vizuri kuliko mwanahistoria wetu. Alimwandikia kuhani mmoja mkuu wa Galatia, akiona haya kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa watu wengine pia, naye akaamuru makuhani wake wajenge nyumba za wageni na kugawa nafaka. Neno la adui aliyekiri ni zito kuliko sifa za rafiki kumi. Gibbon analijua, amelitaja, lakini ameliweka chini ya ukurasa, katika maelezo ya herufi ndogo. Sisi twasema mahali pake palikuwa juu, katika safu ya sababu zenyewe, na labda mbele ya zote tano.

Sura ya 16 ni ya mateso, nayo ndiyo iliyowachoma watu zaidi. Twataka kumtendea haki. Kabla yake watu walisimulia mashahidi kwa maelfu elfu, bila kuuliza habari zilitoka wapi. Yeye alikwenda kwa Eusebius, aliyeishi Palestina siku za mateso yaliyoanzishwa na Diocletianus mwaka 303, akahesabu humo mashahidi 92 wa nchi ile. Kwa kipimo hicho akakisia kwamba katika dola nzima waliouawa kwa hukumu walipungua kidogo 2,000. Wanachuoni wa baadaye wameongeza, wala hawakuongeza kwa wingi sana. Kwa hiyo anayemkasirikia Gibbon kwa hesabu yake amkasirikia bure.

Kosa liko katika kile kisichohesabika. Eusebius huyo huyo asimulia habari za waliopelekwa kufua shaba katika machimbo ya Phaeno, wakiwa wameng'olewa jicho la kulia na kukatwa mshipa wa mguu wa kushoto. Hao hawakufa siku ile, basi katika jumla ya waliouawa hawamo. Wala hawamo waliochoma ubani kwa hofu, wakarudi nyumbani na aibu, wakaomba kupokewa tena. Na mabishano juu ya hao yalilipasua kanisa la Afrika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka mia. Hofu haina kaburi la kuhesabiwa. Tena Gibbon aonapo liwali mwenye adabu kama Plinius mdogo, aliyemwandikia Traiano kutoka Bithinia karibu na mwaka 112, husimama upande wake na kusifu upole wa sheria. Barua ya Plinius twaijua sote: awaeleza watu wasio na hatia ila ukaidi, na katikati ataja, kama mtu atajaye hali ya hewa, kwamba aliwatesa watumwa wawili wanawake ili apate ukweli. Twashangaa kuona mwandishi mwenye sikio kali la vijembe asiusikie ubaridi wa maneno hayo.

Yeye mwenyewe asimulia kwamba wazo la kitabu chake lilimjia Roma, tarehe 15 Oktoba 1764, alipokaa penye magofu ya Capitolium akawasikia watawa wakiimba sala za jioni. Kwake hilo lilikuwa picha ya mauti: pale palipokuwa na makuhani wa Jupiter, sasa watu wenye miguu mitupu. Lakini watawa wale walikuwa wakiimba kwa lugha gani? Kwa Kilatini, lugha ya Warumi. Wakati ule hapakuwa na Seneti, wala majeshi, wala Kaisari wa Roma ya kale. Kilichobaki hai juu ya kilima kile ni sauti ya Warumi, nayo ilikuwa imehifadhiwa vinywani mwa wale aliowadhania warithi wa uharibifu.

Tazama maneno. Sakramenti kwa askari wa Rumi ilikuwa kiapo cha jeshi. Dayosisi ilikuwa jimbo la serikali, na Diocletianus, mtesaji yule, ndiye aliyeigawa dola yote kwa jina hilo. Basilika ilikuwa baraza la hukumu na biashara. Hata Kilatini cha Kikristo hakikuanza mjini Roma, ambako kanisa lilisali kwa Kiyunani siku nyingi. Maandishi yake ya kwanza yenye tarehe ni hukumu ya mashahidi wa Scilli, waliouawa Karthago tarehe 17 Julai 180, na aliyekitengeneza kuliko wote ni Tertullianus, mtu wa nchi iyo hiyo. Gibbon amtaja kwa ukali wake tu, naye humwita kwa bara lake, Mwafrika, kana kwamba bara ndilo lililomkasirisha.

Na urithi wa Warumi haukupita mlango mmoja. Kasri, dinari, kandili, hata Sirati ambayo Waislamu wa pwani hutaja kuwa njia ya Siku ya Kiyama, wanachuoni wa lugha huyarudisha kwenye castrum, denarius, candela na strata, kwa njia ya Kiyunani, Kiaramu na Kiarabu. Strata ni barabara ya Warumi iliyotandikwa mawe.

Hapo twafika penye udhaifu mkubwa wa kitabu kizima. Gibbon, tusimsingizie, hakusema tu kwamba Ukristo uliidhoofisha dola. Alisema pia kwamba ulipunguza ukali wa anguko lake na kulainisha mioyo ya washindi. Walakini dhana ya kudhoofisha haipatani na nusu ya mashariki. Huko ndiko Wakristo walikokuwa wengi zaidi, watawa wengi zaidi, mabishano ya dini makali zaidi. Na huko dola ilisimama hata mwaka 1453, karibu miaka elfu baada ya Kaisari wa mwisho wa magharibi kuondolewa mwaka 476. Gibbon alilishinda jambo hilo kwa dharau: miaka ile aliiona kuwa habari ya kuchosha ya unyonge na taabu, na watu wake hawakumstahilia jina la Warumi.

Wenyewe walijiita Warumi. Waarabu waliwaita Rumi, na sura ya 30 ya Kurani ina jina hilo. Katika Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate, ambao mswada wake ni wa mwaka 1728, Herekali apigana kama mfalme wa Rumi, Mkristo, mwenye majeshi na fahari, adui wa kuogopwa. Mshairi hakuona shida yoyote kumfanya Mrumi na Mkristo kuwa mtu mmoja. Miaka tisa baadaye Gibbon alizaliwa.