Pongezi kwa Vidole Vitupu
Wapigaji wengi wa gitaa la kupakata huvaa kucha za bandia, na wana sababu. Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii anayetajwa kuwa mwanzilishi wa upigaji huu mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa na gitaa la mbao tu. Ukumbi ukijaa, uzi ulitaka nguvu ndipo usikike. Miaka ya 1930 likaingia sokoni gitaa la umeme la Rickenbacker, la kupakata, mwili wake alumini. Tangu hapo kupaza sauti ikawa kazi ya spika.

Nawapongeza wanaoutumia uhuru huo kwa vidole vitupu. Utazame mkono wao wa kulia. Dole gumba linauegemea uzi mnene, nyama inabonyea kidogo, linauachia, na sauti inatoka nzito, ya joto, bila mlio wa chuma kugonga chuma. Kisha ncha ileile inarudi kuuzima uzi, kimya kabisa. Kucha ya chuma ikigusa uzi unaolia hukwaruza; nyama haikwaruzi. Hilo si dogo, maana katika gitaa hili mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, na uzi usiozimwa huburuta noti isiyotakiwa hadi mwisho wa safari.

Gharama ipo: malengelenge kwanza, sugu baadaye, na kasi fulani hupotea. Lakini katika wimbo wa taratibu, kwangu mimi, hakuna gitaa linaloikaribia sauti ya mwimbaji kama hili.