Alama Isiyo na Jina Haifai Kuwa Opereta

Haskell, lugha ya programu ambayo kampuni ya IOHK iliwafunza wanawake wa Ethiopia na Uganda mjini Addis Ababa mwaka 2019, inaruhusu karibu alama yoyote ya hesabu iliyomo katika Unicode iwe opereta. Ukiandika (∈) = elem, basi x ∈ a huuliza kama x imo katika orodha a. Mstari huo una mtego. Opereta isiyopangiwa kipaumbele huwekwa daraja la 9, la juu kuliko yote, ilhali elem iko daraja la 4. Kwa hiyo x ∈ a ++ b (++ huunganisha orodha) husomwa kama (x ∈ a) ++ b, na kompaila huikataa. Maktaba ya base-unicode-symbols imeliepuka kosa hilo kwa kuipa ∈ kipaumbele cha elem. Ndiyo maana nashikilia kwamba alama inafaa pale tu inapokuwa lakabu ya fanksheni yenye jina, ikarithi tabia zake zote. Hata hivyo si kila lakabu ina faida: Haskell haimruhusu mtumiaji kubuni opereta ya kutangulia, hivyo ¬ huandikwa (¬) p, na hapo not p inasomeka vizuri zaidi.

Pingamizi la kwanza ni kibodi. Anayeandika Kimeru pale Timau, nchini Kenya, analijua tatizo hili, maana ĩ na ũ hazimo kwenye kibodi ya kawaida. Lakini linatatulika: waandishi wa Agda, lugha iliyojaa alama hizi, huandika \in ndani ya kihariri cha Emacs na ∈ ikatokea. Pingamizi zito ni la macho. ∑ na Σ zinafanana mno, ila ya kwanza kwa Haskell ni alama na ya pili ni herufi kubwa, isiyoweza kuwa opereta kamwe. (λ nayo ni herufi, ndiyo maana haikuchukua nafasi ya \.) Kompaila hunasa makosa mengi ya aina hii, lakini anayetafuta neno ndani ya faili hana msaada huo. Wapo wanaopendekeza fonti kama Fira Code, inayochora -> kama mshale bila kubadili faili, lakini elem inabaki elem. Katika maktaba ya kutumiwa na wengi, ningetoa elem na ∈ pamoja. ⊛ iliyobuniwa jana bila jina ningeirudisha kwa mwenyewe.