Mwisho wa Ufa

Abiria wa ndege ndogo akitazama nje huliona bawa, na imani yake yote huiweka hapo. Mkia uko nyuma ya kisogo chake. Bawa huiinua ndege. Bawa dogo la mkia, mara nyingi, huikandamiza upande wa nyuma ili pua iliyobeba injini isiinamie ardhini. Safari ikiwa shwari kwa saa nzima, jua kwamba mkia umekandamiza kwa saa nzima, huku ukipigwa na upepo unaorushwa na propela. Na kila ndege inapotua kwenye kiwanja cha murram, mtikisiko hufika mpaka huko nyuma, kwenye bati jembamba kuliko wengi wetu tunavyodhani. Nawasifu mafundi wanaoutunza mkia huo, na nawasifu hasa kwa sababu wanajua kuwa ufa hauishii pale jicho linapouona umeishia.

Pale Wilson, Nairobi, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, ndege huingia hanga zikiwa na vumbi la Mara na la kaskazini. Kazi huanza kwa kuosha. Mafuta na vumbi huficha mengi, na fundi anayekagua mkia mchafu hajakagua kitu. Baada ya hapo vifuniko hufunguliwa, tochi ikawashwa, na kioo kidogo chenye mpini mrefu kikapenyezwa mahali ambapo kichwa cha mtu hakiingii. Fundi huanza na ribiti. Ribiti iliyolegea hujisaliti yenyewe: husuguana na bati, na unga mweusi wa alumini ukajichora nyuma yake kufuata mkondo wa upepo. Asiyejua ataufuta kwa kitambaa na kuendelea. Fundi wa kweli anauacha kwanza, anauuliza umetoka wapi.

Mwaka 2023 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu Cessna za aina ya 180, 182 na 185, baada ya nyufa kuonekana pale bawa la mkia linaposhikana na kiwiliwili cha ndege. Sababu zilizotajwa ni muundo wa mashikio yenyewe pamoja na mizigo mikubwa ya wakati wa kutua. Hizi ni ndege za viwanja vya porini, na kwa wanaozitumia huku kwetu agizo hilo lilikuwa habari ya nyumbani. Kuna pia desturi moja ningeipiga marufuku leo hii kama ningekuwa na uwezo: kugeuza ndege kwa kukandamiza bawa la mkia kwa mikono mpaka gurudumu la pua liinuke. Ni njia ya haraka, nayo huumiza boriti ya mbele ya mkia kidogo kidogo, bila kelele, mpaka siku fundi aikute imepasuka.

Feleji ikibebeshwa mizigo iliyo chini ya kiwango fulani inaweza kuvumilia bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mzigo unahesabiwa, hata mdogo, na hesabu hiyo haifutiki ndege ikipumzika. Ufa huanzia ukingoni mwa tundu la ribiti, au kwenye mkwaruzo, au kwenye kidonda cha kutu. Uso wake ukitazamwa maabara huonyesha mistari iliyopangana, kama ile ambayo maji yakipwa huiacha mchangani. Hapo mtaalamu husoma jinsi ufa ulivyosogea, ukatulia, ukasogea tena.

Kuutafuta ufa kunahitaji subira ambayo watu wa haraka hawana. Rangi huondolewa, bati husafishwa, kisha hupakwa kimiminika chekundu chenye uwezo wa kupenya popote penye mwanya. Hapo mtu hungoja. Dakika 10, pengine 30, kulingana na joto na maelekezo ya dawa. Kimiminika hufutwa kwa kitambaa, unga mweupe hupulizwa juu, na kama ufa upo, wekundu hunyonywa kutoka ndani na mstari ukajitokeza. Anayefupisha kungoja huko anajidanganya mwenyewe, kwa kuwa bati litabaki jeupe na yeye atalitia sahihi.

Gharama ya ufa usioonekana inajulikana. Tarehe 14 Mei 1977 Boeing 707 ya mizigo ya Dan-Air, iliyotoka London ikapitia Athens na Nairobi, ilikuwa inakaribia kutua Lusaka pale bawa la kulia la mkia lilipong'oka. Watu wote 6 waliokuwemo walikufa. Boriti ya nyuma ya mkia ilikuwa imechoka na kupasuka, na muundo uliotarajiwa kuubeba mzigo sehemu moja ikivunjika haukuubeba. Wachunguzi waliona pia kwamba ukaguzi uliokuwa umewekwa haukutosha kuugundua ufa huo mapema. Ile ni ndege kubwa, lakini somo lake limeingia katika hanga za ndege ndogo pia: usitegemee kwamba kuna kitu kingine kitashika.

Sote tumelelewa na methali ya kuziba ufa. Kwenye mkia wa ndege, kuziba ndiko dhambi yenyewe. Ukijaza na kupaka rangi, umemfungia adui ndani ya nyumba. Ufa mdogo kwenye bati lisilobeba mzigo mkubwa unaweza kusimamishwa kwa tundu la milimita 3 hivi, linalotobolewa kwenye ncha yake halisi, ile iliyoonyeshwa na wekundu, ili nguvu isiwe tena na mahali pembamba pa kupasulia. Boriti haifanyiwi hivyo. Hukatwa sehemu mbovu, ikaunganishwa kwa kipande cha nguvu kama mtengenezaji alivyoelekeza, au hubadilishwa yote.

Kiraka nacho kina sheria zake, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii zaidi. Bati liwe la aloi ileile, lisiwe jembamba kuliko la kwanza. Pembe ziviringwe, kwa kuwa pembe kali ni mzazi wa ufa mwingine. Tundu lisiukaribie ukingo kupita mara mbili ya kipenyo cha ribiti, na kila tundu liparuzwe makali yake. Mistari haichorwi kwa penseli, maana risasi ya penseli huiletea alumini kutu. Hutumika kalamu ya wino. Kisha mafundi wawili hugawana bati: mmoja nje na nyundo ya upepo, mwenzake ndani na chuma cha kupokelea kipigo. Hawaonani. Wa ndani hugonga: mara moja, piga tena, mara mbili, imekaa, mara tatu, ing'oe, imeharibika. Nimewasikiliza wakizungumza hivyo, na sijui mazungumzo ya kazi yenye uaminifu kuliko hayo. Aliye ndani angeweza kugonga mara mbili akaenda kunywa chai, na wa nje asingejua.

Kazi ikiisha, ndege hupigiwa hesabu upya ya uzito na mizani, kwa sababu gramu chache mkiani ziko mbali na kitovu cha uzito. Kisukani, sehemu ya mkia inayosogea kuiongoza ndege, kikitengenezwa au kupakwa rangi husawazishwa, kisije kikapapatika angani hadi kujing'oa. Mwishowe fundi huandika katika kitabu cha ndege: mahali pa ufa, urefu wake, aina ya bati na ribiti, saa ambazo ndege imeruka, jina lake na nambari ya leseni. Abiria hawayasomi maandishi hayo. Atayasoma fundi wa hanga nyingine, pengine miaka baadaye, ndege ikiwa imeshauzwa Dodoma au Entebbe, naye ataanza ukaguzi wake papo hapo palipotajwa, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.