Kucha za Kasuku

Mzee aliyekuwa akikata kucha za kasuku hapa Chanji ameacha kazi hiyo. Macho yamechoka, na hakuna aliyeirithi. Habari yenyewe haikufika mbali, maana kasuku hawakuwa wengi Sumbawanga: wachache tu waliovushwa Ziwa Tanganyika kutoka Kongo enzi ambazo hakuna aliyeuliza kibali, wakapandishwa kutoka mwaloni hadi huku juu kwenye baridi, wakazeeka pamoja na wenye nyumba. Kasuku wa kijivu akitunzwa huishi miaka 40, 50, pengine zaidi. Aliyenunuliwa na babu huachiwa mjukuu.

Kazi ilianza na maji. Huku kwetu Ufipa mwezi wa saba ni baridi hasa, na mzee hakukubali kumshika ndege kwa vidole vya baridi. Alivichovya kwenye maji ya vuguvugu, akavikausha, akakaa barazani na kuupa jua mgongo. Kitenge alikitandaza magotini, akakiacha hapo mpaka ndege akizoee. Hakuwa mtu wa kumrushia nguo kwa nyuma. Alimwita, akamkuna shingo, akamfunika taratibu, kichwa kikabaki nje: kidole gumba upande huu wa taya, cha kati upande ule. Kifua hakukigusa. Ndege hana kiwambo kama chetu. Kifua chenyewe ndicho kinachopanda na kushuka ili apumue, na mtu anayekibana kwa hofu ya kuumwa anaweza kumuulia mkononi huku akidhani ametulia. Kila alipotaka kukata alisema, "Pole, bwana." Kasuku wa jirani yangu alikuwa ameshalishika neno hilo. Akiona tu kitenge kinakunjuliwa, alitangulia yeye, "Pole, bwana, pole," kwa sauti ileile ya mzee, na kikohozi chake juu.

Ustadi wote ulikuwa hapo kwenye ukucha. Kucha za kasuku wa kijivu ni nyeusi tii, na mshipa wa damu ulio ndani hauonekani hata ukimulika kwa tochi. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 400 hivi. Damu yake yote haijazi kikombe kidogo cha kahawa, hivyo kila tone lina hesabu. Basi mzee alikata kipande kidogo kama punje ya ulezi, akaugeuza ukucha, akautazama pale palipokatwa. Pakiwa pakavu, aliendelea. Likijitokeza doa la unyevu katikati, aliacha papo hapo, hata kama mwenye ndege alitaka zaidi. "Mlete tena mwezi ujao, mwanangu." Vidole vinne, viwili vimeelekea mbele na viwili nyuma, kisha mguu wa pili, kisha tupa laini ya kuondoa makali ili ndege asinase kwenye nguo. Pembeni palikuwa na kibakuli cha unga wa ngano wa kuzuia damu. Sikumbuki akikigusa.

Mdomo ulikuwa jambo jingine kabisa. Watu walimletea ndege mdomo wa juu umejipinda kuelekea kooni, wakidhani atautia mkasi. Hakuutia. Mdomo wa kasuku si kipande cha pembe kilichokufa. Chini ya lile ganda kuna mfupa, damu na neva, na ncha yake ina hisia kali, ndiyo maana ndege anaweza kumenya mbegu ndogo bila kuipoteza. Ndege mwenye afya huusaga mwenyewe kwa kutafuna miti na kusuguanisha taya. Kwa hiyo swali la kwanza la mzee lilikuwa, "Huyu anakula nini?" Jibu lilikuwa lilelile: alizeti. Mkoa wetu una alizeti tele, na ndege anaipenda, lakini ni mafuta matupu. Akishindia hiyo miaka nenda rudi, ini linaharibika, na ini likiharibika mdomo huota ovyo. Aliwaagiza mchicha, karoti, mapera, jua la asubuhi, na tawi bichi la mpera lenye maganda na mafundo badala ya fimbo laini iliyopigwa randa. Tawi lisilo sawa huzisaga kucha kidogo kidogo kila siku. Kwa maneno mengine, fundi huyu aliwafundisha watu namna ya kutomhitaji, na hilo ndilo ninalomheshimia zaidi.

Mkasi wake aliunoa mwenyewe, kwani usiokata vizuri huuponda ukucha na kuupasua. Hii ni nchi iliyojua makali. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe kupitia mabomba ya udongo; kisha wakakisafisha kwenye tanuru dogo la mivukuto ndipo wakafua majembe. Majembe ya dukani yalipokuja, moto ukazimwa. Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani, na watu hupita na ng'ombe wao bila kugeuka.

Sasa kila kitu ni haraka. Vifaranga wa mayai hukatwa midomo kwa kisu cha moto ili wasidonoane, maelfu kwa mkupuo, na kidonda kile chenye neva kinaweza kuuma muda mrefu. Tungewapa nafasi na majani ya kudonoa wasingefikia hapo. Kasuku wa jirani hukatwa kucha kwa koleo la nyaya, wawili wakimshikilia. Ukucha mmoja wa nyuma umeota upande. Kitenge kikitolewa hasemi neno, anapiga kelele.

Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, uliofanyika Johannesburg uliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, na mimi naushukuru uamuzi huo kwa moyo wote. Ndege wa misituni abaki msituni. Ila hawa waliokwisha kuzeekea kwenye majumba yetu hawana msitu wa kurudi, na kucha zao zinaota. Daktari wa mifugo ana ng'ombe, nguruwe na kuku wa manispaa nzima wanaomsubiri.

Nimemwomba mzee awakalishe barazani vijana wachache awaelekeze, hata kama mkono wake hautagusa mkasi. Alikubali mara moja, akasema njiwa watatosha kuanzia. Vijana niliowaambia wanasema watakuja wakipata nafasi.