Waliomtoa Baleke Januari walihesabu nini?

Pointi 69 kwa pointi 69. Ndivyo Azam na Simba walivyomaliza msimu wa 2023/24, mmoja wa pili, mwingine wa tatu, na kilichowatenganisha ni tofauti ya mabao. Yanga walishafika 80, tuwaache na kombe lao. Wapo wanaosema Simba iliiacha nafasi ya pili kule Singida kwenye sare ya 1-1 na Ihefu. Wengine wanataja Ruangwa, 2-2 na Namungo, na wengine Morogoro ambako Prisons walishinda 2-1. Mimi nasema iliachwa katikati ya Januari, mchana kweupe, bila hata mpira kuchezwa, pale Jean Baleke na Moses Phiri walipotolewa kikosini kwa mpigo mmoja.

Najua mmeshanichoka kwa hili. Lakini kila dirisha likifunguliwa nasikia wimbo ule ule, "tunasuka kikosi upya", na kila nikiusikia nakumbuka dirisha dogo lile. Uchafu ule haujawahi kuelezwa hadi nikaelewa.

Turudi kwenye orodha. Kanuni iliruhusu wageni 12 na Simba ilikuwa nao 12 kamili. Ayoub Lakred golini. Che Malone na Inonga katikati ya ulinzi. Ngoma na Kanoute kwenye kiungo. Mbele yao Chama, Saido, Miquissone, Onana na Kramo. Wa kumalizia kazi ni wawili, Phiri na Baleke. Ukitaka kuingiza mmoja lazima umtoe mmoja, hapo hakuna ujanja. Kramo alikuwa akijiuguza, kwa hiyo nafasi ya kwanza ilikuwa wazi bila mtu yeyote kununa, na kiungo Babacar Sarr angeingia hapo bila tatizo. Miquissone aliyerudi hakuwa yule tuliyemjua, hilo hata muuza karanga wa jukwaani aliliona. Ukitaka nafasi ya pili, ilikuwa inakutazama.

Sasa hesabu mwenyewe. Mawinga na viungo washambuliaji walikuwa watano. Namba tisa wawili. Ukiangalia wazawa, nahodha John Bocco ndiyo hivyo tena, miguu ilikuwa imeshafanya kazi yake ya miaka mingi. Yaani idara yenye watu wachache ndiyo iliyopitiwa na panga, na haikupunguzwa, ilifagiliwa. Baleke aliondoka akiwa na mabao manane ya ligi, msimu haujafika hata nusu. Straika mwenye mabao manane kabla ya nusu msimu unamlalamikia mazoezini, unampigia kelele akiwa benchi, unamtafutia mwenzake wa kumtia presha. Humpeleki uwanja wa ndege.

Walioletwa ni Freddy Michael Koublan, kutoka Green Eagles ya Zambia, na Pa Omar Jobe, Mgambia aliyetokea Kazakhstan. Freddy sina ugomvi naye. Alikuwa kwenye msimu, miguu ina moto, na bao lake dhidi ya Yanga kwenye kipigo cha 2-1 Aprili lilikuwa la straika kweli. Jobe ni habari nyingine, na kosa si lake. Ligi ya Kazakhstan huanza majira ya machipuo na kumalizika kabla ya baridi kali. Mchezaji anayetoka kule Januari anatoka mapumzikoni, mapafu yamelala. Anahitaji wiki kadhaa za kukimbia ndipo umwone alivyo, na wewe huna wiki hizo, una ligi na una makundi ya Ligi ya Mabingwa. Usajili wa namna hiyo unafanywa Julai. Januari unanunua mtu anayecheza kesho.

Tuje kwenye mpira wenyewe, maana wapo waliosema Baleke "hana mpira". Ni kweli hakuwa wa kupendeza. Mpe mpira akiwa amelipa goli mgongo na beki yuko nyuma yake, unarudi ulikotoka au unapotea kabisa. Kwenye mechi kubwa kuna dakika 30 ulizoweza kusahau kama yumo uwanjani. Haya yote nayakubali. Ila mtazame beki Kapombe anapofika pembeni na kuinua kichwa. Washambuliaji wengi hapo wanakimbilia mpira. Baleke alikuwa anafanya kinyume: hatua mbili nyuma, anajificha begani mwa beki wa pili, beki anatazama krosi, na akigeuka mtu hayupo, ameshamkatia mbele kwenye nguzo ya karibu. Mguso mmoja tu. Hakuwa na wa pili, na hakuuhitaji. Coastal Union walikula hat-trick Septemba 2023. Horoya walipochapwa 7-0, siku ya Chama na hat-trick yake, mawili yalikuwa ya Baleke. Na Wydad, tena Wydad waliokuja Kwa Mkapa wakiwa mabingwa wa Afrika, walilala 1-0, bao lake. Sasa huo "mpira" mnaoutaka ni upi?

Jambo ambalo watu hawalioni ni kwamba mtu wa namna hiyo anawapa kazi wenzake. Chama alikuwa Chama kwa sababu kuna mtu anakimbia ndani ya boksi kabla hajaomba. Pasi ya Chama ina nusu sekunde ya uhai. Asipoipata mtu aliyeshaondoka, inageuka kuwa mpira wa kipa, na sisi jukwaani tunamzomea Chama.

Machi 29, 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Al Ahly. Ilikuwa Ijumaa Kuu kwa wengine na Ramadhani kwa wengine, nami nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Temeke baada ya futari. Koka alitufunga dakika ya nne, watu hawajakaa sawa. Kuanzia hapo Simba ikacheza, na ilicheza vizuri, isipokuwa hakuna kilichoingia. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na mfuko wake wa tende. Kila nafasi iliyokwenda na maji, anatoa kokwa mdomoni na kuipanga kwenye ubao wa benchi tulilokalia. Hasemi kitu. Ilipofika mapumziko safu ya kokwa ilikuwa imenifikia pajani.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe si unaandika magazetini? Hebu niambie, pale kati anakaa nani?"

"Namba tisa, mzee wangu."

"Ndiyo nakuuliza. Nani?"

Sikuwa na jibu la maana. Kibu alikuwa anakimbia kama kawaida yake, anakaba, anagombana na mabeki, kijana wa kazi yule. Lakini Kibu ni mtu wa kufungua mlango, si wa kuingia ndani kukaa sebuleni. Saido tulishamjua, anataka mpira mguuni. Mechi ikaisha 1-0, Cairo wakaongeza mawili, safari ikaishia hapo. Mzee alizoa kokwa zake akaziweka mfukoni, na mpaka leo sijui alikwenda kuzifanyia nini.

Nimtendee haki Abdelhak Benchikha. Alikuja mwishoni mwa Novemba 2023 kuokota vipande vya kile kipigo cha 5-1 kilichomwondoa kocha Robertinho, na si kocha wa kubahatisha. Ndiye aliyekuwa na USM Alger walipoinyang'anya Yanga Kombe la Shirikisho 2023 kwa bao la ugenini. Mpira wake ni wa presha, na presha inaanzia kwa straika. Akimwona namba tisa anatembea beki akiwa na mpira, roho inamuuma. Naelewa. Ukinilazimisha nimtetee, ningesema alitaka mshambuliaji anayekaba kwanza na kufunga baadaye, na Baleke si huyo. Basi angemtoa Phiri, akaleta mmoja wa kukaba, akabaki na mmoja wa kufunga. Mechi na Al Ahly unamwanzisha yule, mechi na Ihefu aliyejaza watu 10 nyuma unamwanzisha huyu. Presha ukicheza na timu isiyotaka mpira unamkaba nani?

Na kocha mwenyewe? Aprili 28 alikuwa ameshaaga, siku moja baada ya kubeba Kombe la Muungano Zanzibar. Alikwenda kwa sababu za kifamilia, na hapo hatuna neno. Mgunda na Matola wakarithi kikosi kilichotengenezwa kwa mpira wa mtu mwingine. Huu ndio wimbo wangu wa miaka yote: Simba inasajili kwa jicho la kocha wakati makocha wenyewe ni wapita njia. Tangu Gomes aondoke 2021 wamepita Pablo Franco, Zoran Maki, Mgunda, Robertinho, hadi kufika kwa Benchikha. Kila mmoja ana namba tisa wake kichwani. Klabu inatakiwa kuwa na wa kwake.

Iliwahi kuwa naye. Okwi, mabao 20, msimu wa 2017/18. Kagere 23 msimu uliofuata, kisha 22. Bocco 16, 2020/21. Misimu minne, ubingwa mara nne, na kiatu cha ufungaji bora hakikutoka Msimbazi hata mara moja. Msimu wa 2018/19 wote watatu walikuwa kwenye kikosi kimoja! Okwi akiumwa yupo Bocco, Bocco akichoka yupo Kagere na ule ukanjanja wake wa kufunga kwa goti, kwa bega, kwa chochote kilichogusa mpira. Hakuna aliyesema mmoja atoke ili tupate kiungo. Sitaki kurudi hadi kwa Kibadeni na hat-trick yake kwenye 6-0 ya 1977, maana nikianza hapo ukurasa utaisha.

Tena dalili za ugonjwa huu zilionekana mapema. Agosti 2021 waliuzwa Chama kwenda Berkane na Miquissone kwenda Al Ahly, dirisha moja. Mmoja ukimuuza umefanya biashara. Ukiwauza wote wawili umeuza upande mzima wa uwanja. Niliandika wakati ule kwamba ubingwa umeuzwa pamoja nao, nikaambiwa nina wivu wa fedha za watu. Yanga wakachukua ligi mfululizo baada ya hapo. Na tazama, Januari 2024 kosa ni lile lile, tofauti ni kwamba mara hii hata fedha ya kutajwa sikuisikia.

Mtaniambia Baleke huyo huyo alikwenda Yanga Julai 2024 akaambulia benchi. Kweli. Alikuta Dube na Mzize, timu inacheza kwa kasi asiyoiweza, na mimi ndiye niliyesema kwamba nje ya boksi hana kitu. Hiyo haibadilishi swali langu. Swali ni nani alikuwa bora yake Msimbazi Januari ile, na jibu, kwa waliobaki na waliokuja, ni hakuna. Mtaniambia pia nafasi ya tatu iliipeleka Simba Kombe la Shirikisho na kule ikafika fainali na Berkane. Hongera kwao. Azam walioichukua ile nafasi ya pili wakaishia mikononi mwa APR raundi ya awali, nalo najua. Lakini hakuna aliyekaa Januari akapanga kushika nafasi ya tatu ili acheze Shirikisho.

Kusema haki, usajili wa vijana dirisha lile lile, Chasambi wa Mtibwa na Balua wa Prisons, ulikuwa mzuri. Na kiangazi cha 2024, cha kocha Fadlu, Ahoua, Camara na wenzao, kilisukwa na mtu anayejua kusuka.

Sare moja tu. Ile ya Ihefu, au ya Namungo, au ile ya 1-1 na Azam wenyewe ambayo Chama aliiokoa dakika za mwisho. Moja kati ya hizo ingekuwa ushindi, Simba inamaliza na 71. Freddy alifunga mabao yake, si haba. Jobe tulimsubiri awe tayari hadi msimu ukaisha, akaondoka. Freddy naye Agosti akapanda ndege ya Algiers kwenda USM Alger, na Leonel Ateba akaja kutoka huko huko. Kwa hiyo ndani ya miezi minane wameondoka namba tisa wanne, na nafasi zile mbili za wageni zikalazimika kujazwa upya, klabu ikitafuta tena straika wa kukaa kwenye boksi.