Yasmin Aliulizwa na Nani?

Wenzangu tukiijadili Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, humsifu Yasmin kwa kuvunja ukuta wa rangi: binti wa Kihindi kumpenda Denge, Mwafrika mpinga ukoloni. Sikatai. Lakini sifa hiyo inaturusha mlango wa kwanza wa riwaya. Ndoa iliyomtesa Yasmin ni ile ya Bwana Raza, Mhindi mwenzake, mtu mzima wa kumzaa. Rangi moja, jamii moja, kila kitu sawa. Ila mwenyewe hakuulizwa.

Hapa Madungu kijana akitaja mchumba, swali la kwanza ni "Kwao wapi?" Dini na kufu hufuata. (Na kufu, jamani, wapo wanaoipima kwa rangi ya ngozi huku wakisema ndiyo sheria!) Basi msomaji wa huku hashangai Yasmin anapomkimbia mume, kwao wakamkataa, akapokewa na Mwajuma kule Ng'ambo. Anachokikosa ni mama. Mwandishi amemchora bapa mno, hasira tupu. Hofu yake hatuioni: kusemwa, kutengwa na jamaa, kwenda harusini ukakaa peke yako. Bila hofu hiyo shinikizo la familia linageuka ukatili wa mtu mmoja, na sivyo linavyofanya kazi. Mama anayemfukuza mwanawe naye ana wanaomtazama.

Tena, riwaya inasimulia Unguja ya wakoloni, lakini sisi tunaisoma tukiyajua yaliyofuata. Mwaka 1970, chini ya Rais Karume, wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao waliopinga wakatiwa ndani. Ati kuondoa ubaguzi. Tukishika kipimo cha ukuta wa rangi peke yake, ndoa zile zilifaulu! Tukishika ridhaa, Bwana Raza na wakubwa wale wanakaa jamvi moja.

Kwa hiyo mimi namweka Mwajuma mbele ya Denge. Denge anampa Yasmin mapenzi, pamoja na siri na hatari za siasa. Mwajuma anampa pa kulala, kabla hata hajajulikana atampenda nani. Nasi katika mijadala yetu tunamtaja kwa sentensi mbili, tena kama shoga wa mhusika mkuu.