Baada ya Ufagio, Lori: Uchambuzi wa Sikukuu Iliyogeuzwa Siku ya Usafi

Novemba 23, 2015, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache kufikia maadhimisho ya Uhuru, Ikulu ilitangaza kwamba mwaka huo hakutakuwa na gwaride wala halaiki. Desemba 9 ingekuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima. Shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa kwa sherehe zilielekezwa kupanua barabara ya Bagamoyo kati ya Morocco na Mwenge, Dar es Salaam, kipande cha kilomita 4.3. Siku ilipofika, Rais John Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alitoka Ikulu kwa miguu, akaokota taka kwa mikono yake hadi kwenye soko la samaki la Feri.

Picha za asubuhi ile zimeshajadiliwa vya kutosha, na waliozipenda na waliozibeza kila mmoja alisema lake. Ninalotaka kulichambua hapa ni utekelezaji. Tamko lile lilibeba kazi mbili za aina tofauti kabisa, na kila Desemba halmashauri zetu zinaendelea kuzichanganya. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kujenga: ina mwanzo, ina mwisho, ukiimaliza umeimaliza. Ya pili ilikuwa ya kuhudumia: inaanza upya kila kunapokucha.

Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi kupangwa. Kipande kutoka Mwenge hadi Tegeta, takriban kilomita 13, kilikuwa kimeshapanuliwa kwa msaada wa Japani. Magari yalikuwa yakishuka kwa raha kutoka Tegeta, yakifika Mwenge yanabanana. Kwa hiyo mahali palijulikana, tatizo lilijulikana, mwenye kazi alikuwa mmoja, yaani TANROADS, na fedha zilikuwepo. Gawanya bilioni 4 kwa kilomita 4.3 unapata kama milioni 930 kwa kilomita moja, kiasi kinachotosha kuongeza njia za magari pembeni mwa barabara iliyopo, ila hakitoshi kujenga barabara kuu mpya ya mjini yenye mifereji na madaraja yake. Ndivyo ilivyokuwa: njia zikaongezwa, foleni ikapungua, na miaka michache baadaye kipande hicho hicho kikajengwa upya kwa upana unaostahili, tena kwa msaada wa Japani. Fedha za sikukuu zilinunua nafuu ya miaka kadhaa. Kwa wakazi wa Kijitonyama na Mwananyamala waliokuwa wakikaa saa nzima ndani ya daladala, nafuu hiyo ilikuwa na maana.

Sasa tuje kwenye usafi.

Watu walijitokeza kwa wingi, na hilo lisipuuzwe. Mitaa ambayo ilikuwa na miaka haijaona mtu akizibua mtaro ilijaa watu wenye fagio za chelewa, reki, makoleo na matoroli. Wenyeviti wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba. Maduka yalifungwa hadi usafi uishe. Nguvu kazi ya namna hiyo hakuna halmashauri inayoweza kuilipa. Lakini kufagia hakuondoi taka, kunazihamisha tu: zinatoka uani, zinatoka mtaroni, zinakuwa rundo kando ya njia. Kutoka hapo zinasubiri lori.

Tuangalie hesabu ya malori. Makadirio ya miaka ile yalionyesha Dar es Salaam ikizalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku, na chini ya nusu yake ndiyo iliyokuwa ikifikishwa dampo. Chukua lori la tani 7 linalofanya safari mbili kwa siku. Litabeba tani 14. Kuondoa tani 4,000 unahitaji malori karibu 290, yote yakiwa mazima, yote yakiwa na mafuta, na foleni ikiruhusu. Hizo ni taka za siku ya kawaida. Desemba 9 watu walitoa taka za siku hiyo, wakaongeza za miezi, na tope la mitaro ambalo peke yake lina uzito kuliko maganda na karatasi zote. Mji ulioshindwa kubeba nusu ya taka zake Jumanne ya kawaida hauwezi kubeba mara mbili au tatu ya taka hizo Jumatano ya sikukuu.

Na kwa nini safari mbili tu? Kwa sababu dampo liko mbali, na umbali huo una historia. Jiji lilikuwa likimwaga taka Tabata, wakazi wakachoka na moshi na harufu, wakaenda mahakamani mwaka 1988, na Jiji likaamriwa kuacha. Likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, zaidi ya 700, wakashtaki mwaka 1991 na kushinda. Likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Walioshtaki walikuwa na haki, na kesi hizo zinafundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria kama mfano wa wananchi kutetea haki ya kuishi katika mazingira safi. Ila gharama ya kila hamisho iliingia kwenye tangi la mafuta la lori la taka. Lori linalotoka Kinondoni kwenda Pugu linapita katikati ya msongamano wote wa jiji, na dereva akifika anakuta foleni ya kumwaga. Mvua ikinyesha, njia ya ndani ya dampo inakuwa tope.

Mvua ndiyo sababu nyingine ya kuitazama Desemba kwa makini. Vuli huwa haijakwisha. Tope lililochimbwa mtaroni likaachwa ukingoni hukaa siku mbili tatu, mvua moja kubwa inalirudisha lilikotoka. Nimeona hili katika mitaa mingi na linaniuma kila mara, maana jasho la watu wazima waliojitolea linapotea kwa kukosa gari. Usafi wa mtaro una kanuni moja: usichimbe kabla gari la kubeba tope halijapangiwa siku, na siku hiyo isizidi kesho yake.

Tamko la 2015 lilikuwa na msukumo mwingine: kipindupindu. Mlipuko ulianza Agosti mwaka huo Dar es Salaam, ukasambaa mikoani na Zanzibar. Wengi waliamini kwamba siku ya usafi ingeukata. Haikuwa hivyo. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichochanganyika na kinyesi. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na mabomba ya majitaka yaliyomfikia takriban mtu mmoja kati ya kumi. Waliobaki walitumia vyoo vya shimo na makaro, na mabondeni mvua ikinyesha wapo wanaotapisha choo ili maji yachukue uchafu. Mtaro uliozibwa na taka hufurika, maji hayo yanaingia kisimani na uani. Kwa njia hiyo kuzibua mitaro kunasaidia, lakini mpaka vyoo vishughulikiwe, ufagio unagusa ncha tu ya tatizo. Afisa afya yeyote angekueleza hivyo asubuhi ile ile.

Kuna mji mmoja ambao Desemba huujaribu kuliko miji mingi nchini, nao unastahili kutazamwa: Moshi. Sensa ya 2012 iliuhesabia wakazi 184,292. Wiki ya pili ya Desemba mabasi yanaanza kujaa, na hadi mkesha wa Krismasi wenyeji wa Marangu, Rombo, Kibosho, Machame na Uru wanakuwa wamemiminika kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko kuja kula sikukuu na wazazi. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejeshwa baada ya zaidi ya miaka 20, ilirejeshwa Desemba 2019, na ulikuwa mwezi mwafaka. Wengi hulala vijijini juu, mlimani, ila manunuzi hufanyika mjini: soko la Mbuyuni, Kiboriloni, mitumba ya Memorial, maduka ya jumla ya katikati. Ndizi za mtori, mbuzi wa ndafu, kreti za soda, nguo za watoto, vyote vinapita pale na vinaacha maganda, makaratasi na makopo.

Hata hivyo mji unabaki msafi, na umeshinda mara kadhaa mashindano ya kitaifa ya usafi wa mazingira. Wageni hupenda kutaja faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo, na halmashauri nyingine zimejaribu kuiga faini hiyo zikaishia kupata ugomvi kati ya mgambo na wamachinga. Faini ni kipande cha mwisho cha mpango, na haiwezi kuanza yenyewe. Kabla yake yapo mapipa na makontena mahali watu wanapopita. Kuna watu wanaofagia barabara alfajiri kwa ujira. Gari hupita kwa ratiba inayojulikana. Mtu akikosa mahali pa kutupa ganda la muwa, kumtoza 50,000 ni dhuluma. Akiwa na pipa hatua ishirini mbele yake, majirani wenyewe wanamkemea kabla mgambo hajafika.

Moshi ina nafuu zake, lazima tuseme. Ni mji mdogo, wenye mitaa iliyopimwa zamani, na dampo la Kaloleni lilikuwa ndani ya manispaa, hivyo lori liliweza kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku. Una chemchemi zinazotoka mlimani, na mabwawa ya kutibu majitaka Mabogini, ambako maji yanayotoka hutumiwa na wakulima wa mpunga. Dar es Salaam haiwezi kuhamisha dampo lake likaenda Kariakoo. Inachoweza kukichukua kutoka Moshi ni mpangilio wa kazi: kila hatua kutoka mlangoni hadi dampo ina mtu anayelipwa kuifanya, na mtu huyo anajulikana kwa jina mtaani.

Serikali ilijaribu kuirefusha Desemba 9 kwa kuagiza usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Agizo lilikuwa zuri, lakini lilirithi kasoro ya mama yake. Liliongeza siku za kufagia bila kuongeza safari za lori. Mitaa iliyokuwa na mkandarasi wa taka mwenye ratiba ilifaidika. Mitaa mingine ilizoea kufunga maduka hadi saa nne, kisha ikafungua, na rundo likabaki. Hatua iliyopunguza taka kwa dhati, kwa maoni yangu, haikuhusu ufagio kabisa: ni kupigwa marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019. Mitaro inayoziba kwa rambo ikapata afueni kwa sababu rambo hazikuingia sokoni.

Desturi ya kuhamisha fedha za Uhuru iliendelea. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliahirisha sherehe, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni katika shule nane za msingi zenye wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hapo fedha za mkupuo zilikutana na kazi ya mkupuo, na huo ndio uamuzi wa aina hii uliopangwa vizuri zaidi kati ya niliyofuatilia.

Kwa halmashauri zinazopanga sikukuu za mwaka huu, hesabu ni fupi. Kati ya Desemba 20 na Januari 3 masoko yanazalisha taka kuliko wakati wowote, wakati huo huo madereva wanaomba likizo na wakandarasi wanapunguza safari. Kinachotakiwa ni kinyume chake: posho ya sikukuu kwa wazoa taka na madereva, mafuta yaliyolipiwa kabla ya ofisi kufungwa, na maguta ya kutoa taka vichochoroni ambako lori halipiti. Siku ya usafi wa hamasa iwekwe siku moja kabla ya malori kupita, isiwekwe siku ambayo madereva wako mapumzikoni. Fedha zake ni ndogo zikilinganishwa na za mahema, viti na vipaza sauti vya tamasha lolote la mkesha wa mwaka mpya.

Nawe msomaji, kabla ya tarehe 20 nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa umuulize mambo mawili: gari la taka litapita siku zipi wiki ya Krismasi, na nani ameshika mkataba wake. Lipa ada yako, dai risiti, na jibu atakalokupa libandike mlangoni ili wapangaji wote walione.